Kadi Iliyotoka Machimboni

Mwanakombo kapiga mstari katikati ya karatasi:
kushoto kadi ya kijani, kulia nyekundu.
"Mama, hii ni elfu moja na sitini, giga sita,
haina pupa, wati mia na ishirini zinaitosha.
Hii mia tano na themanini. Giga nane. Ina kifua,
ila inakula wati karibu mia mbili, na ina kelele."
Basi hiyo ya pili mmefanana, nikamwambia.
Hakucheka. Ana miaka kumi na mitano
na pauni hamsini na nane kwenye kopo la maziwa ya unga.

Mimi ninachokijua ni mita.
Iko chini ya ngazi, inalishwa kwa ufunguo
kama tulivyokuwa tukiilisha LUKU kule Ngamiani,
na Januari hapa Cardiff haishibi.

Ya kijani iko dukani, nyuma ya kioo, pauni sabini,
na karatasi ya dhamana.
Zile kumi na mbili zilizopungua
zilikuwa zinanitazama mimi.
Ya nyekundu iko Pontypridd kwa mtu, arobaini na tano,
dhamana yake uso wa mwenye nyumba.
Rahisi ghali, nikasema.
"Mama, ghali nayo ni ghali."

Jumamosi tukapanda treni ya bondeni, mvua ubavuni.
Gethin akatufungulia akiwa na soksi mguu mmoja,
kadi kaifunga kwenye taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.
"Sitawaficha," akasema. "Hii ilikuwa inachimba."

Kuchimba nini, nikauliza, na binti yangu akanieleza
kwa ile sauti ya kumweleza mgeni:
sarafu, Mama, ambazo hakuna anayezishika mkononi;
kadi sita zimepangwa darini, usiku na mchana,
miezi kumi na minane, bila kupumzishwa,
na haikuwahi kuona mchezo hata mmoja.

Gethin akaonyesha picha ukutani kwa kidevu:
wanaume kumi na moja, taa kwenye paji, meno tu ndiyo meupe.
"Babu naye," akasema,
akaenda kuchemsha maji.

Nami nikamkumbuka Mzee Emrys
ninayemwogesha kila Jumatatu.
Ana michirizi ya buluu mgongoni, makaa yaliyoingia
pale ngozi ilipochanika, ikafunga ikiwa nayo ndani.
Sabuni haiitoi. Nilijaribu, wiki ya kwanza, kabla sijajua.

Washa tuisikie, nikasema.
Feni ikakoroma, ikakohoa mara moja, ikashika mwendo.
Mwanakombo alihesabu nyuzi za joto:
sitini na nane, sabini na tatu, sabini na tano,
ikatulia hapo.
Mimi niliinamisha sikio, nikasikiliza kifua.
Dakika ishirini. Chai ikapoa.

Na ule umeme? nikamnong'oneza.
"Nitaipunguzia volti kidogo.
Itafanya kazi ileile, karibu yote, bila kujiunguza."
Nikamwuliza kama njia hiyo ipo kwa watu.

Gethin akapunguza mpaka arobaini
kwa sababu ya kile kikohozi.
Ile taulo akatuachia.

Usiku ule nilirudi zamu saa saba, viatu mkononi.
Mlango wa chumba chake uko wazi kiasi cha kiganja,
na kwenye kioo kuna nyasi, nyasi nyingi zinazoyumba,
na jua ambalo sisi hatujaliona tangu Oktoba.
Hakuwa anapigana na mtu. Alikuwa amesimama tu, anatazama.
Nilitaka kumgombeza. Nikashuka kuangalia mita.
Pauni nne na senti kidogo.

Jumatatu nikamsimulia Mzee Emrys huku namkausha mabega.
Alinyamaza mpaka nikadhani amesinzia.
"Na sasa," akauliza, "wameipa kazi gani?"
Kucheza, nikamjibu.
Akacheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika,
nami nikaweka kiganja mgongoni, juu ya buluu,
nikangoja kitulie.